Asilimia Thelathini na Moja

Nilipewa kalamu na daftari,
ukumbi wa shule pale Makorora, viti vya plastiki mia mbili,
na amri: andika maneno, usiandike kelele.
Ndiyo kazi yangu kila mwaka, mwezi wa tatu,
bei ya maji inapopandishwa jukwaani kama bi harusi
na kila mtu anataka kumfunua shela.

Mhasibu Mbwego alisimama na fimbo ya kuelekezea.
Uniti moja leo ni elfu moja mia nne na sitini.
Anaomba elfu moja mia saba na kumi na tano.
Anaomba kwa adabu. Anataja dawa ya kusafishia,
umeme wa pampu, mishahara,
tope lililojaa bwawani tangu vuli,
Zigi ikiteremka kutoka Amani na rangi ya chai ya maziwa.
Kisha, haraka, kama mtu anayepita mlangoni kwa anayemdai:
"Upotevu, asilimia thelathini na moja."

Nikaandika. Mkono ukasita kidogo juu ya hiyo moja.

Bi Mwanamkasi wa kioski cha Mikanjuni hakungoja kipaza sauti.
"Ndoo nauza hamsini. Mkipandisha niuze ngapi?
Hamsini na tisa? Nani hapa ana shilingi tisa?
Mara ya mwisho mmeiona lini?"
Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.
"Sarafu ndogo iliyobaki ni hiyo hamsini.
Basi ndoo itakuwa mia. Andika, binti:
yao imepanda kidogo, yangu imepanda mara mbili,
na matusi nitatukanwa mimi."

Jedwali langu lina safu mbili: Hoja. Majibu.
Nikaandika: *Mdau aliomba suala la chenji lizingatiwe.*

Akainuka Shekiondo, dobi, mikono imekunjamana kwa sabuni,
akafunga macho:

*Nami dobi nina hoja, mwenyekiti nisikie,*
*Shati mia tano moja, sabuni nijilipie,*
*Akikimbia mteja, wapi nikakimbilie?*
*Kwanza viishe vioja, Duga bomba litulie.*

Makofi. Hata Mbwego alipiga, kisha akakumbuka yuko upande gani.
Nikamnong'oneza mwenyekiti: hili niliweke safu ipi?
"Fupisha."
Nikafupisha: *Mdau alitaja uvujaji.*
Vina vyote vikamwagika njiani,
navyo vihesabiwe kwenye upotevu.

Sasa niseme lisilo na safu.
Kwangu Mabawa, ukutani, nyuma ya karai,
dira yangu imekwama tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Sifuri sifuri nne moja saba.
Nimeoga, nimefua, nimemwagilia mchicha,
nimemjazia jirani madumu ya shughuli ya arobaini,
na hiyo saba haijatikisika.
Msoma dira huja, hutazama, hutabasamu,
huandika wastani, hunywa maji, huaga.
Nami hujiambia: kifaa ni chao,
wakitaka watakuja na spana yao.

Wiki tatu baadaye barua ikashuka:
elfu moja mia sita na arobaini.
Nililipekua daftari langu kurasa zote.
Hakuna aliyeitaja arobaini.
Imezaliwa katikati, kama mtoto wa usuluhishi,
hafanani na baba wala mama.

Nikaichapa nakala nne. Nikapiga muhuri.
Kioski cha Mikanjuni wamebandika kipande cha boksi:
NDOO 100. KUKOPA HARUSI KUDAIWA MATANGA.

Jioni hiyo, ofisi imebaki na feni na mimi,
nikachukua fomu ya hitilafu.
Jina la mteja: Tatu Kiluwa.
Maelezo: nikaandika, *dira yangu inanisetiri.*
Nikakata. Fupisha.
*Imekwama.*
Tangu lini? Hapo wameacha nafasi ndogo,
tarehe tu ndiyo inaenea.

Fomu imo kwenye droo.
Muhuri ninao mimi.