Kumbukumbu Sahihi za Shauri

Cleveland, Februari, ghorofa ya kumi na tisa.
Ziwa limeganda. Vidole vyangu bado.
Miaka ishirini na sita nimeandika kila lisemwalo humu,
kiapo na kikohozi,
na hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje.

Leo Bwana Kessling, mwendesha mashtaka,
kavaa miwani asome rapu.
Anaisoma kama asomaye bili ya maji:

*Nimezika watu saba, kabla sijaota ndevu,
koleo langu ni shaba, mikono yangu mikavu.*

Anakomea hapo. Anawageukia wazee wa baraza.
"Saba," anasema. "Amekiri kwa kinywa chake.
Na shaba, mabibi na mabwana, ni risasi."
Mzee wa nne, mwenye sweta ya kijani,
anaandika kwenye karatasi yake: *saba*.

Mashine yangu haina kitufe cha mdundo.
Haina kitufe cha ile pumzi
mvulana aliyoivuta kabla ya "mikavu",
wala cha vina, vinavyoshikana mikono
kama watoto wanaovuka barabara.
Naandika maneno tu. Yanatoka baridi.
Tayvion Rucker, miaka kumi na tisa,
anaitazama midomo ya Kessling
kama anayeona shati lake
limevaliwa na mtu mwingine, nyuma mbele.

Namjua Kessling. Tunasali kanisa moja.
Jumapili huimba sauti ya nne, kwa bashasha,
habari za kuoga katika damu,
na hakuna askari anayemngoja mlangoni.
Bibi yangu, mtu wa Tennessee,
alinibembeleza kwa wimbo wa bwana mmoja
aliyemzamisha mchumba wake mtoni.
Nililala fofofo.
Hakuna aliyekwenda kuukokota ule mto.

Sisemi rapu ni malaika.
Redio ya mwanangu Desmond niliitia pipani mwenyewe,
kwa mistari iliyotuita, mimi na dada zake,
majina ya mbwa.
Ningeitupa tena kesho.
Lakini niligombana na wimbo.
Sikuutia pingu.

Wakili wa utetezi, binti mwenye mafua,
anasimama kuomba mistari miwili iliyoachwa.
Kessling anapinga.
Jaji Pruszynski anatazama saa, njaa inamuuma, anakubali.
Binti anasoma vibaya, anakwama, anapiga chafya katikati:

*mtaa wangu, msiba, hauchagui mabivu;
wa nane ni mimi, baba: nizike bila makovu.*

Viti vya nyuma, mama wa kijana
anagonga goti kwa vidole viwili,
palepale mdundo ulipotakiwa kuwa.

Kisha anaitwa msimamizi wa makaburi,
mzee mwenye kofia mkononi.
Ndiyo, kijana alimfanyia kazi, kila Jumamosi,
dola kumi na mbili kwa saa.
Ndiyo, koleo lile analijua:
mpini wake ulipasuka, wakaufunga pete ya shaba.
Saba hao? Walisoma naye darasa moja.
Aliwachimbia. Wawili katika wiki moja.
Hakutaka mtu mwingine awachimbie.

"Kwa nini hakusema hivyo, basi,
kwa lugha nyepesi?" anauliza Kessling.
Mzee anaizungusha kofia yake.
"Alisema, bwana. Mimi nilimwelewa."

Mwenye sweta ya kijani anaitazama *saba* yake.
Haifuti. Kalamu imebaki hewani.
Nami naandika: *Kimya*.
Ni neno pekee ninaloruhusiwa kuliandika
bila mtu kulitamka.

Jioni, nikishuka kwenda kituo cha basi,
theluji inalia chini ya buti zangu.
Sijui wataamua nini. Wamerudi nyumbani kula.
Nausema ubeti ule kwa sauti ndogo,
safari hii pamoja na pumzi yake,
na miguu yangu, isiyojua sheria,
inahesabu yenyewe hadi nane,
inatua,
inaanza tena.