Penseli, Ukurasa wa Arubaini na Moja

Kitabu kilifika Ibra ndani ya sanduku la Bi Ghalya,
baina ya pilipili manga na sabuni za karafuu.
Nakala moja. Wasomaji kumi na mmoja,
na Muhsin wa duka la dawa, ambaye ati hasomi,
anampelekea dada yake tu.

Hadithi yenyewe: mji mdogo, kituo kimoja cha mafuta,
mwalimu Tabia na Sudi fundi saa,
na mtu anayepiga mluzi dirishani usiku.

Tulikijadili Jumatano, soko la wanawake,
Kiarabu cha kuuzia, Kiswahili cha kusemea watu.

Bi Ghalya alikimaliza usiku mmoja, akayalaumu macho.
"Huyo Tabia hana mama? Mlango wa nyuma hauna komeo
kurasa mia mbili, na jirani yupo!"
Zuweina aliruka mvua zote.
"Mvua ya kitabuni hainioshei gari."
Shinuna alilia walipoachana, akalia waliporudiana,
kisha akaapa mwandishi ni mwanamume:
mwanamke angeuliza mapema, jana ulikuwa wapi.
Muhsin, kwa niaba ya dada yake,
aliona busu la ukurasa wa tisini limekuja kabla ya wakati.
Dada yake yuko Sohar tangu mfungo mosi.

Lakini wengi wetu tulikwama pale pale,
Sudi anapomfunga Tabia saa mkononi.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko uliolalia kushoto:
Usimwamini huyu.
"Huyu" limepigiwa mstari hata karatasi ikatoboka.

Basi raha ikatuharibikia, au ndiyo ikatukolea.
Sudi akitabasamu, tunatafuta kisu.
Akileta machungwa, tunayanusa.
Zuweina alizima kiyoyozi ili ausikie mluzi,
akakesha na jasho lake, Juni, taa zote zinawaka.

Kumbe mpiga mluzi ni karani wa posta.
Sudi ni Sudi tu, mtu mwema, saa zake zinakwenda.

"Nani katudanganya?" Zuweina alikipiga kitabu kofi.
"Nani huyu asiyejua kusoma riwaya?"
Bi Ghalya alivaa miwani.
"Mimi nilikuwa wa kwanza. Ukurasa ulikuwa mweupe."
Shinuna wa pili, hakuona kitu.
Wa tatu ni Shuweikha.

Tukanyamaza kidogo. Mtu akauliza bei ya samli.

Shuweikha anashona abaya, hana maneno.
Aliolewa Mudhaibi miezi saba, akarudi na begi moja,
na sisi, watu wa kuuliza kila kitu,
tukamuuliza habari za safari.

Wa nne ni Raiya.
Wiki aliyokabidhiwa kitabu
ndiyo wiki iliyokuja posa yake, kutoka Mudhaibi,
nyumba ile ile, bwana yule yule,
na saa ya dhahabu ndani ya kijaluba.
Siku ile sokoni sote tulikuwa tukicheka.
Raiya aliushusha mkono wa baibui mpaka kwenye vidole.

Akakiazima tena. "Nimesahau mwisho," alisema.
Nani asahau karani wa posta?

Kilirudi baada ya Jumatano mbili.
Mkono wa Raiya mtupu, kwenye kifundo alama nyeupe
jua halijaifikia.
Nikafunua arubaini na moja kabla ya mtu kuniona.
Chini ya penseli, wino wa buluu:
Nimefahamu.

Bi Ghalya alikuwa na kifutio mkobani,
cha mjukuu, chenye sura ya jordgubi iliyomeguka.
Alikitoa. Akautazama ukurasa muda mrefu,
akakirudisha, akafunga zipu.

Shuweikha alipita na vitambaa vyake begani.
"Mmekipenda?" aliuliza.
Tukamwambia kidogo kinachosha katikati.
Muhsin anakitaka tena, dada yake hakuelewa busu.