Upeo wa Igogo

Programu ilipofunguka mara ya kwanza
ilinisimamisha kwenye shamba la watu:
majani mafupi, miti yenye ncha, nyumba ya paa jekundu,
na juu yake nyota zangu, zimelala upande
kama mgeni aliyepewa kitanda kifupi.

Nikaitafuta Mwanza kwenye orodha.
Dar ipo. Nairobi ipo. Kampala ipo.
Basi nikajitaja kwa namba: mbili na nusu kusini,
thelathini na mbili nukta tisa mashariki,
na mbingu ikageuka taratibu
kama ng'ombe aliyesikia mluzi wa kwao.
Kilimia kikapanda. Nge akanyoosha mkia.
Mshtarii akatua juu ya taa za Bugando.
Nikatoka nje kuhakikisha.
Alikuwepo.

Lakini lile shamba lilinikera.
Jua lizame nyuma ya miti nisiyoijua jina?
Jumapili moja, nimetoka zamu ya ulinzi kiwanda cha minofu,
macho mekundu, shati linanuka sangara,
nikapanda jiwe lililo nyuma ya nyumba yetu
nikazunguka na simu, hatua kwa hatua, picha ishirini na nne:
mabati, minara, mawe yaliyobebana migongoni,
ziwa, Kamanga ng'ambo, tena mabati.
Mama akapaza sauti kutoka jiwe la chini,
"We Lugata, siku hizi unapiga picha upepo?"

Usiku nikaziunganisha
kwenye kompyuta ya mtumba ya Makoroboi,
betri imekufa, inaishi kwa waya.
Kaskazini zilishonana vibaya:
nyumba ya mzee Gindu ina milango miwili mpaka leo.
Na magharibi, pale ziwa linapomeza jua,
amesimama Nkwimba binti Misalaba,
mkono mmoja juu, kitenge cha samawati kimejaa upepo.
Nilikusudia kumfuta.
Usingizi ukanishika.

Mwaka wa tatu huu tangu tumpeleke Misungwi.
Humu ndani hajamaliza kuanika.
Mwezi mwembamba hujikwaa kwenye kiwiko chake,
Zuhura, ikiwa zamu yake ya jioni,
humpitia begani bila hodi.
Nimesogeza mwaka mbele, elfu tano, elfu kumi,
mpaka kaskazini ikabadilisha nyota yake,
naye yuko palepale, kitenge kile kile,
kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.

Kisha nikarudi nyuma, usiku alionizaa.
Alikuwa akisimulia kila mwaka, hachoki:
mwezi ulikuwa mpevu, ulijaa dirishani,
mkunga hakuhitaji hata kibatari.
Nikaandika tarehe. Nikaandika saa.
Mwezi haukuwepo.
Nikarudia, nikidhani nimekosea siku.
Giza la mwezi mwandamo, nyota tupu hadi alfajiri.

Sasa ningemuuliza nani?
Nilikaa na hilo swali wiki nzima langoni,
tochi mkononi, mbwa wa kiwanda miguuni,
mpaka usiku mmoja wa giza kama ule
nikainua macho: ziwa lote limewaka,
taa za wavua dagaa, mia, mia mbili,
mstari kwa mstari hadi ng'ambo.
Hakuna anayezitandaza mwezi ukiwapo.
Labda ndizo zilizojaa dirishani.
Labda. Programu haina taa za dagaa.

Jana Limi, mwanangu, miaka sita,
kidole chake hakijui adabu ya vitufe,
akabonyeza kile kinachoondoa ardhi.
Mawe yakayeyuka. Ziwa likayeyuka.
Nyota zikamwagika hadi chini ya miguu yetu,
za kusini nisizowahi kuziona zote kwa pamoja,
na mtoto akapiga makofi, halafu akaacha.
"Bibi ameenda wapi?"

"Bonyeza tena," nikasema,
kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Akabonyeza.
Mabati yakarudi. Mzee Gindu na milango yake miwili.
Kamanga. Maji.
Kitenge bado kibichi.