Chungwa Moja

Sijamwambia mtu. Leo naandika.

Jumanne ile, baada ya alasiri,
nilimlaza Kibwana ubavu wa kulia,
mto nyuma, mto mbele, khanga iliyoviringwa katikati ya magoti
kama walivyonifunza Bombo.
Nikamfuta udenda. Nikatia kufuli.
Nikatoka.

Sikwenda dukani, sikwenda msibani.
Nilikwenda tu.

Barabara ya Kumi na Mbili, ya Kumi na Tatu, ya Kumi na Nne,
mgongo mwepesi unanitisha:
miaka tisa umebeba, sasa kilo ishirini na mbili,
ukiachwa mtupu haujui usimame vipi.

Kijana wa machungwa ya Muheza akanimenyea moja,
ganda likishuka refu, halikatiki.
Nikakaa juu ya kreti la soda, nikala.
Mbegu nikizitema mojamoja.
Maji yakanichuruzika hadi kiwiko
na hapakuwa na kinywa kinachonisubiri.

Wallahi lilikuwa tamu.
Hilo ndilo linaloniua.

Wifi yangu alishasema Mungu hampi mja asichokiweza,
akasema, akavaa viatu, akaenda zake.
Mwalimu wa chuoni akasema, "Huyu ndiye pepo yako."
Jirani akasikia pepo nyingine, akaleta ubani.
Na baba yake, kabla hajahamia kwa yule wa Korogwe:
"Kwetu hatuna hivi."

Kushukuru najua. Nimeshukuru hadi meno yanauma.
Lakini usiku, Kibwana akikakamaa, miguu mkasi, macho darini,
mimi huhesabu mabati. Kumi na manne.
Nikimaliza naanza tena,
na kukikucha sijui kama nililala
au nilihesabu.

Niliporudi alikuwa ameshateleza,
shavu sakafuni, anatazama upenyo wa chini ya mlango
vinapopita vivuli vya miguu ya watu.
Akaiona yangu. Akacheka.
Akaninusa vidole.

Nikanawa mara tatu.

Alhamisi, benchi la mazoezi.
Nesi anaandika: jina la mtoto, umri wa mtoto,
degedege mara ngapi. Kadi imejaa.
Kando yangu Mama Tunu wa Makorora, binti yake mapajani.
Nikamwambia bila kumtazama,
"Juzi nilimfungia ndani, nikaenda kula chungwa."

Akanyamaza. Akairudisha shingo ya binti mahali pake.
"Mimi nilipanda basi," akasema. "Nilifika Pongwe."
"Pongwe ukafanya nini?"
"Nikashuka. Nikarudi kwa miguu."

Tulicheka. Tulicheka vibaya, hadi nesi akachungulia,
hadi cheko likageuka kitu kingine,
nacho tukakiacha kipite.

Jumanne hii zamu yangu kutoka.
Atakaa nao wote wawili, wake na wangu.
Ameniuliza nitakwenda wapi. Sijui.
Kufuli nimempa yeye.