Vipimo vya Mke wa Stesheni Masta

Picha sina. Usinitazame hivyo.
Waliokuwa nazo walizichana mapema,
wengine, nasikia, walizitafuna usiku wa msako.
Nilicho nacho ni daftari hili.
Linanuka mawese kwa kuwa lilikaa miaka kumi na moja
chini ya pipa, nyuma ya nyumba, hapa Mwanga.

Ukurasa wa arobaini. Soma.
"Mke wa Stesheni Masta.
Bega kumi na tisa. Kifua arobaini.
Kiuno thelathini na mbili, akibana pumzi."
Stesheni masta wa Kigoma wakati ule hakuwa na mke.
Hakuna aliyeuliza.
Watu wa mji huu huchungulia milango,
daftari la fundi hawalichungulii.

Jina la kuzaliwa, Songoro Kalimba, wa Ujiji,
mtoto wa muuza chumvi ya Uvinza.
Jina la usiku, Bi Nakshi.
Unaniuliza jukwaani alikuwa mwanamume au mwanamke.
Mimi nasema: alikuja, aliimba, alicheka.
Hiyo "a" ya mbele haijawahi kumdai mtu kitambulisho.

Shanga zilikuja na treni, zimechelewa siku mbili.
Viatu, namba arobaini na nne,
alivitengeneza Ntibashima, fundi wa vitanda,
visigino vya mninga;
akipanda jukwaani pale Gungu
mbao zenyewe zilijua nani amefika.
Mgongoni nilimshonea kipande cha kanga,
maandishi yawaelekee watu:
MNAONISEMA, NAULI NIMEWALIPIA.
Akigeuka, ukumbi mzima unasoma kwa sauti
kama darasa la kwanza.

Lakini usiandike nguo tu.
Andika Jumatatu ile, vijana watano walipobebwa Katubuka
na mama zao wakajifungia ndani.
Yeye alivaa gauni la kijani, mchana kweupe,
jua la saa saba, wanja ukimchuruzika hadi kidevuni,
akabeba birika na chapati kumi na tano,
akaketi kwenye benchi la kituo.
"Nimekuja kuwaona wanangu."
Jina?
"Lipi?"
Siku tatu. Nywele zake za bandia
walizikata kwa mkasi wa karatasi, wakicheka.
Siku ya nne walitoka wanne.
Wa tano, Hamenya, simzungumzii leo.

Lile neno wanawake wanaloitana sokoni
wakigawana fungu la nyanya,
shoga, za tangu jana?
yeye alirushiwa pamoja na mawe.
Alisema, "Nitalifua, nilianike, nilirudishe kwa wenyewe."
Hakumaliza kulifua.

Alipokufa, kaka zake walichoma sanduku.
Gauni huungua mara moja. Shanga, hapana:
zilipasuka mojamoja usiku kucha, kama bisi,
na mimi kitandani nahesabu.
Walimzika kwa jina moja.
Alfajiri nilipepeta majivu kwa ungo wa mchele.
Tisini na sita. Zimo kwenye kopo lile, usilitikise.

Sasa wewe umekuja, unasema kumbukumbu, unasema urithi,
unanielekezea simu usoni.
Kuhifadhi, mwanangu, muulize mgebuka:
kabla ya chumvi hupasuliwa.
Uko tayari kupasuliwa?
Na gauni halikai kwenye maneno yangu.
Gauni linataka mwili.

Simama hapo, karibu na dirisha.
Bega kumi na nane. Si haba.
Kiuno umempungukia, tutajaza sufi.
Hiyo simu izime kwanza.
Au iache. Sijui.
Inua mikono.