Fomu Haina Mahali pa Sindano

Kinga,
funguo nimeziacha kwenye droo ya pili,
ile inayokwama; isukume kwa goti kwanza, kisha vuta.
Kuanzia Jumatatu udobi huu wa hospitali ni wako:
mashine saba, mvuke,
na watu kumi na mmoja
utakaowapa alama kila Desemba,
moja hadi tano, kwa wino usiofutika.
Nje theluji ya Łódź imeshakuwa matope.
Humu ndani tunatota jasho.

Nianze na Seweryn.
Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mbili.
Nilisimama nyuma yake na saa mkononi,
nikiamini kwamba saa haisemi uongo:
Halszka alichambua marobota arobaini kwa zamu,
yeye ishirini na sita.
Nikaandika, "Mzito. Hajitumi."
Nikamsomea ofisini, mlango wazi,
wenzake wakijifanya wanakunja taulo.
Hakubisha. Alisema, "Sawa, bibi msimamizi,"
akarudi, akaenda mbio kama wengine.

Wiki ya tatu Ludmiła akapiga ukelele.
Sindano, imejificha kwenye shuka la upasuaji,
imemzama kidoleni.
Miezi sita akipimwa damu,
miezi sita mumewe akimtengea kikombe chake peke yake.
Akatoka salama. Kikombe, nasikia, bado kiko rafu ya juu.

Siku ile ile ya kidole Seweryn alinifungulia kabati lake.
Chupa ya achari ya matango, imejaa:
sindano, nyembe, mikasi midogo,
jino la bandia, pete ya mtu.
Miaka minne ya uzito wake
ilikuwa ndani ya chupa ile.
Nikamuuliza, mbona hukuniambia?
"Hukuniuliza," akasema. "Ulinisomea."

Kwa hiyo usimpime mtu
kabla hujafanya kazi yake zamu nzima,
si zile dakika kumi za wakaguzi,
wanaotushikia shuka kwa ncha za vidole.

Lawama uitoe siku hiyo hiyo, mlango umefungwa.
Usiiwekee akiba hadi Desemba;
haizai riba, inachacha.

Watakuambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mimi niliisadiki methali hiyo,
nikamnyima Halszka sifa miaka tisa
ili asije akalegea.
Siku ya kustaafu, koti ameshalivaa,
akaniuliza, "Kwani kazi yangu ilikufaa?"
Nilitafuta neno. Keki ilikuwa mezani, haijakatwa.
Sifu, Kinga, na unaposifu taja kitu:
usiseme "kazi nzuri", sema
"zile shuka za wodi ya watoto,
ulivyozigeuza pindo ndani zisiwakwaruze."

Sasa Witold.
Usidhani kila mvivu ana chupa kabatini.
Nilimchungulia: hakuwa nayo.
Alikuwa na vichekesho, na sauti tamu,
nami nilipenda kucheka.
Nikampa tatu, mwaka hadi mwaka,
na marobota yake yakabebwa na wengine.
Huruma yangu mimi,
migongo ikauma yao.
Mwite mapema. Mwambie kinachotakiwa, na lini.
Andika tarehe. Na tarehe ikifika, ifike kweli.

Hiyo fomu ina visanduku kumi na vinne.
Kuna cha "mwonekano nadhifu".
Cha sindano isiyomchoma mtu hakuna.
Pembeni pana upenyo mdogo mweupe;
andika humo, hata kama makao makuu hawausomi.

Wiki iliyopita niliwagawia karatasi
wanipime mimi, bila majina.
Mmoja amenipa tatu, na maneno mawili:
"Anajifunza sasa."
Mwandiko ule naujua.
Miaka kumi na saba, Kinga, na nimepata tatu.
Nimeikunja, nimeitia mkobani, naenda nayo nyumbani.

Chupa iko juu ya meza.
Usiisogeze mbali na fomu.