Zamu ya Saba

Wando wetu hauna saruji.
Chini jiwe jeusi la volkeno, juu tumbawe jeupe,
na katikati hakuna kitu ila uzito
na ukaidi wa watu waliokwisha kufa.

Wageni wanaopiga picha husema una umbo la moyo.
Mimi naona mikono miwili mirefu
na chumba mwishoni, ambamo samaki
huingia na maji yanayojaa
akidhani bahari ni ile ile.

Hapa Penghu upepo wa kaskazini ukianza
hata karanga huoteshwa nyuma ya ukuta.
Kupanga mawe tulikujua kabla ya kusoma.

Wenye wando walikuwa kumi na wawili.
Kila mwaka walipiga kura mbele ya hekalu,
vijiti vya mianzi ndani ya kopo la maziwa,
wakagawana usiku kama watu wagawanavyo shamba.
Mwaka ule baba alivuta saba.
"Saba si mbaya. Saba inaangukia bamvua,"
akaiandika kwa penseli ukutani
juu ya gunia la viazi vitamu.

Akafa usiku wa saba.
Si baharini. Kitini,
kiatu kimoja cha mpira mguuni,
cha pili mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kulipopambazuka nilipanda paani
kwa sababu ndani kulijaa wanawake.
Maji yalikuwa yamekupwa. Chumbani mwa wando
dagaa walisongamana hadi maji yakang'aa
kama bati lililoezekwa jana.
Na juu ya ukuta, watu kumi na mmoja.

Hakuna aliyechovya wavu.
"Usiku ni wa Tiong-hai," alisema Bun-tsai,
"na kilichomo ni chake."
Wakasimama mikono mifukoni, makamasi yakiwatoka,
mpaka maji yakarudi, yakapanda jiwe kwa jiwe,
na samaki wa baba wakauvuka ukuta,
mmoja,
wawili,
kisha wote kwa pamoja
kama watoto wa shule kengele ikilia.

Nitasema kweli: niliwachukia.
Jeneza lilikuwa na bei. Udi ulikuwa na bei.
Nikamwambia mama, wangetuletea hata kapu moja.
Mama alikuwa akikunja suruali ya baba,
akaikunjua, akaikunja upya.
"Kapu moja lingekuwa sadaka," alisema.
"Hivi, baba yako kapewa zamu yake nzima."
Sikumwelewa. Hata leo namwelewa nusu,
na nusu ile nyingine bado inadai kapu.

Kijiti chake nikakirithi mimi, Siok-bi,
baada ya mwaka mzima wa manung'uniko
kwamba mwanamke ataleta mkosi wandoni.
Mkosi ulikuja wenyewe, kwa meli za chuma
zinazozoa samaki huko nje
kabla hawajaikumbuka njia ya kwetu.
Tumebaki watatu. Kura tunapiga bado.
Zamu yangu ya juzi: vibua wanne,
ngisi mmoja, chupa ya shampuu.

Tufani ya mwezi wa nane iling'oa mkono wa mashariki.
Bun-tsai, mwenye goti bovu na deni katika kila duka,
aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akinitukana.
"Geuza. Hicho ni kisogo, uso uko wapi?"
Nikageuza. Halikukaa.
"Geuza tena. Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo,
anabembeleza jiwe kana kwamba linaposwa."

Nilitaka kumuuliza habari za asubuhi ile,
kama alikuwa na njaa pale ukutani,
kama nyumbani kwake walipika nini.
Nikageuza jiwe mara ya tano.
Likaingia, likatoa sauti fupi, kavu: ko.

Hakusema neno. Maji yalikuwa yamefika vifundoni.
Akanyoosha kidole kuonyesha pengo lililobaki,
nami nikainama kutafuta jiwe
la kuegemea lile.